Daftari la Walio Chini

Gari lilipofika langoni, jirani yangu alisimama kwenye ua wake wa minyaa akacheka mpaka akashika kiuno.

"Sasa huyu mama mnampeleka wapi na ambulensi?"

Binti yangu akamwambia si ambulensi, ni gari la kukodi la kutembelea, ndani kuna vitanda, jiko, hata choo.

"Choo ndani ya gari! Na chakula mnapikia hapo hapo? Haya nendeni. Mkirudi mtatuambia kulinuka vipi."

Nami nilicheka, maana ningenyamaza angejua nina jambo. Lakini mkononi nilikuwa nimeshika simu yangu ndogo ya kubonyeza, na ilikuwa siku ya tisa simu ile haijaniletea sauti ya mwanangu wa kwanza.

Huyo mwanangu, kila mtu nyumbani alijua yuko Athi River kwenye kiwanda cha kushona nguo. Mume wa binti yangu ndiye aliyemwombea kazi hiyo, akamsimamia kwa jina lake mwenyewe. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba aliiacha mwezi wa nne bila kuaga, akaenda Kakamega kuchimba dhahabu. Alinipigia akiwa ameshafika. "Mwaitu," aliniambia, yaani mama, "usimwambie mtu yeyote. Nikipata kitu cha kuonyesha nitasema mwenyewe." Nikamwahidi. Tangu hapo alinipigia kila Jumapili na kila Jumatano, dakika mbili tatu, kunijulisha kwamba ametoka shimoni mzima. Kisha Jumatano moja hakupiga. Jumapili pia hakupiga. Nikipiga mimi, yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia mteja hapatikani, na anavyolisema ni kama anafurahia.

Binti yangu alikuwa ameniomba mara mbili niende nao likizo nikakataa. Walitaka kuzunguka, Naivasha, Nakuru, mpaka Kakamega kuona mji wa dhahabu wa zamani. Siku niliposikia hilo neno Kakamega, nikasema nitakwenda.

"Wewe?" akasema. "Wewe ambaye hata Machakos mjini huendi kama si kwa daktari?"

"Nataka kuona msitu."

Mungu anisamehe. Msitu ningeuonea nini.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwambia ukweli. Niliwaza hivi: nikimwambia, atapiga kelele, mumewe atajua, na mwanangu atakuwa ameaibishwa na mama yake mwenyewe mbele ya shemeji yake. Na kama ni mzima, simu imeharibika tu, nitakuwa nimevunja ahadi kwa sababu ya simu. Kwanza nimwone kwa macho. Nikimwona, nitajua la kusema. Ndivyo nilivyojiambia huku nikipanga leso kwenye begi, na kila leso niliyoikunja nikaikunja mara mbili.

Sisi Wakamba tuna kitu tunakiita nthoni. Ni haya, na ni heshima, vyote pamoja. Mama na mume wa binti yake hawaketi karibu, hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja. Vijana wa siku hizi wameilegeza, lakini mkwe wangu alilelewa na nyanya yake kule Matuu, anaijua vizuri. Kwa hiyo ndani ya gari lile yeye alikaa mbele akiendesha, mimi nikakaa nyuma kabisa karibu na lile jiko, na binti yangu katikati kama karani wa mahakama.

"Mwambie apunguze mwendo."

"Mwaitu anasema upunguze mwendo."

"Mwambie niko arobaini tu."

"Anasema yuko arobaini."

"Mwambie hiyo arobaini yake imenimwagia chai."

Mkwe akacheka kule mbele, mimi nikacheka kule nyuma, binti yangu akasema, "Nyinyi wawili mtaongea lini, siku ya kiama?"

Tulipofika Naivasha alitoa hema dogo akalisimika nje, akalala humo na baridi yote ile, ili mimi nilale ndani na binti yangu. Asubuhi alitoka amejikunja kama kisu cha mfukoni, akawasha jiko, akanitumia chai kwa mkono wa mkewe. Niliinywa chai ile kwa shida. Mtu analala nje kwa ajili ya heshima yangu, na mimi nimemficha jambo linalomhusu.

Lakini nthoni ina upande mwingine, na upande huo ndio ulionitesa zaidi. Mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa hai, halitaji akishakufa. Nilipokuja kuolewa, shangazi zangu walinikalisha wakaniambia hata neno la kawaida likifanana na jina hilo nitafute neno lingine, na nikalitafuta. Sasa, kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hiyo mwanangu amebeba jina ambalo mimi mama yake siwezi kulisema. Tangu nimzae namwita Mutumia, ambalo kwa Kikamba ni mzee. Siku ya ubatizo padri aliponiuliza jina nilimkanyaga mguu mama wa ubatizo, akasema yeye. Alipougua surua nilimbeba nikaandamana na jirani mpaka zahanati, ili muuguzi akiuliza, jirani ajibu. Siku ya kumwandikisha shule mwalimu alinitazama kwa jicho baya akidhani nimesahau jina la mtoto wangu. Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, ana mdomo."

Mimi kusahau jina! Shule niliishia darasa la tatu, lakini majina hayanipotei. Ninayo ya watoto wote tuliosoma nao. Ninayo ya wanawake wote wa mwethya wetu, kile kikundi cha kazi cha kujenga mabwawa ya mchanga huku Mwala, na ya watoto wao, na ya ng'ombe wa baba yangu mmoja mmoja. Watu wakitaka kujua nani alizikwa wapi wanakuja kwangu. Hilo moja tu ndilo sijawahi kulitoa mdomoni.

Njiani kutoka Nakuru niliyapitia majina ya mwethya kichwani ili nisiwaze shimo. Nikafika kwa mwenzetu mmoja na hapo nikakwama. Tulikuwa wasichana, mto umekauka, tunachimba kisima mchangani, yeye yuko ndani amezama mpaka mabega, anacheka, ananitupia mchanga wenye maji. Ukuta wa mchanga haukutoa sauti yoyote. Nilipogeuka kuweka kibuyu na kugeuka tena, hakuwepo. Tulimtoa kwa mikono, na aliishi, akazaa watoto saba. Lakini tangu siku ile najua kwamba udongo ukitaka kuanguka haumwambii mtu.

"Mwaitu, mbona unashika kiti hivyo?" binti yangu akauliza.

"Ni hii arobaini ya mume wako."

Tuliingia Kakamega mchana wa siku ya tatu, na mvua ikaingia pamoja nasi. Si mvua ya kwetu, ile inayokuja imechelewa na kuondoka mapema. Hii ilimwagika kama mtu amepindua pipa. Udongo ni mwekundu, majani ni ya kijani mpaka macho yanauma, na maji mekundu yanakimbia kando ya barabara. Binti yangu alifungua dirisha akatoa mkono nje. "Tungeipata hii Mwala, Mwaitu!" Mimi maisha yangu yote nimeombea mvua. Nimeiombea kanisani, shambani, nikiwa nimelala na nikiwa nimebeba maji. Siku hiyo nilishika rozari chini ya leso nikaiombea ikatike.

Walisimama sokoni kununua mboga. Nilisema nanyoosha miguu, nikamwendea mwendesha bodaboda aliyejikinga chini ya mwavuli wa pikipiki yake.

"Mwanangu, unawajua vijana wanaochimba dhahabu?"

"Nawajua wengi, kukhu." Kumbe huko kukhu ni nyanya.

"Namtafuta mmoja, Mkamba. Ni mrefu, ana pengo hapa mbele. Anaitwa Mutumia."

Akafikiri. Akamuuliza mwenzake kwa lugha yao. Mwenzake akatikisa kichwa.

"Wakamba huku wapo, kukhu, hata mmoja aliniuzia maembe mabichi akaapa yameiva. Lakini Mutumia? Hapana. Hilo jina hatujalisikia."

Nikarudi garini. Miezi minne mtu yuko mahali, na jina lake halijasikika?

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa imesimama, lakini mawingu yalikaa chini, mazito. Tulikwenda kwenye mgodi wa zamani nje ya mji. Kijana wa kutembeza wageni alitupokea, mchangamfu, na kofia ngumu za manjano mkononi. Alitueleza jinsi Wazungu waliposikia kuna dhahabu walivyokuja mbio wakati wa ukoloni, kabla mimi sijazaliwa, na mahema na magari na watumishi, mji ukafurika, kila mtu anapima shimo lake. Alituonyesha misingi ya saruji iliyomezwa na nyasi, mashine iliyoota kutu ikawa kama mti, na mlango wa handaki uliochimbwa kwenye mlima. "Waliochimba hasa ni babu zetu," akasema. "Wazungu walishika vitabu."

Binti yangu alikuwa akipiga picha kila kitu. Nilimsogelea yule kijana.

"Na siku hizi kuna watu wanachimba?"

"Wapo, mama, huko nyuma ya ua. Husikii nyundo?"

Nilikuwa nimezisikia tangu tushuke garini. Ko, ko, ko, nyingi, hazipatani.

"Kuna Mkamba huko anaitwa Mutumia?"

"Mutumia..." Akatikisa kichwa. "Vijana wa hapo nawajua, mama. Mutumia hayupo." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa maneno, akaendelea, "Labda alikuwa upande wa pili. Huko wiki iliyopita shimo lilijaa maji. Waliwatoa, lakini wawili walipelekwa hospitali. Watu wa mbali, sijui wa wapi."

Alisema hivyo kisha akamwendea binti yangu kumfunga mkanda wa kofia chini ya kidevu.

"Mwaitu, twende basi, ni hatua chache tu," binti yangu akaniita. Mkwe wangu alikuwa ameshavaa kofia yake, anasubiri mbali, amegeuza uso kwa adabu.

"Magoti yangu hayataki. Nendeni, nitakaa hapa."

Walipomezwa na lile giza la mlango, sikukaa. Nilifuata nyundo. Ua ulikuwa na pengo lililopitwa na watu wengi, nikapita hapo, leso ikashikwa na mwiba nikaivuta ikachanika.

Upande ule hakukuwa na saruji wala nyasi zilizokatwa. Kulikuwa na mashimo. Mengine yamefunikwa na matawi, mengine yamesimikwa magogo mdomoni na gurudumu la kuvutia kamba juu yake. Wanawake kama kumi walikuwa wameketi chini ya paa la turubai wakiponda mawe kwa nyundo, kila mmoja na kirundo chake, nyuso nyeupe kwa vumbi kama wamepakwa unga. Mwanamke mmoja wa makamo, mnene, alikaa kando kwenye kopo la rangi lililopinduliwa. Hakuwa na nyundo. Magotini alikuwa na daftari la shule, na kalamu imefungwa kwa uzi shingoni.

Nikasalimu. Wakaitikia wote, nyundo zikanyamaza.

"Namtafuta mwanangu," nikasema. "Ni Mkamba."

"Karibu, mama," yule wa daftari akasema. "Wakamba tunao. Tulikuwa nao watatu. Mmoja alikwenda kujaribu upande wa pili, sijamwona tena. Wawili wako chini sasa hivi. Wako ni nani?"

"Mutumia."

Akafungua daftari. Niliona kidole chake kikishuka, kikafika mwisho wa ukurasa.

"Mutumia hapana."

"Tazama tena."

"Mama, hawa ni kumi na mmoja, nimewaandika mwenyewe asubuhi. Kila anayeingia namwandika, akitoka namkata. Mutumia hayuko."

Basi ni yule wa upande wa pili. Ndivyo nilivyowaza. Nilikaa chini kwenye mawe bila kukaribishwa. Mmoja wao akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki.

"Hilo Mutumia ni jina la kitambulisho?" yule wa daftari akauliza. "Maana mimi naandika la kitambulisho. Likitokea la kutokea, serikali haitaki majina ya nyumbani."

Na hapo nikajua kosa langu. Mahali pote nilipouliza, nilikuwa nikiuliza jina ambalo ni mimi na watu wa nyumbani tu tunalijua. Mimi ninayeshika majina ya kijiji kizima nilikuwa nimezunguka mji wa watu nikimtafuta mwanangu kwa jina ambalo hakulileta huko.

"Sasa la kitambulisho ni lipi?"

Nikafungua mdomo.

"Ni... ni jina la baba mkwe wangu."

"Sawa. Na baba mkwe wako anaitwa nani?"

"Si ndiyo nakwambia, ni baba mkwe wangu."

Wale wanawake wakaangua kicheko. "Sasa sisi tutamjuaje baba mkwe wako?" mmoja akasema. "Aliwahi kuchimba hapa?"

"Nipe hilo daftari nisome mwenyewe."

Akanipa. Nililiweka mbali, nikalileta karibu. Miwani niliiacha garini, kando ya jiko. Mistari ilikuwa inaogelea tu.

"Nisomee basi, ukilifikia nitatikisa kichwa."

Alianza kusoma. Jina la kwanza, la pili. Na tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye turubai, po, kisha jingine. Akaacha kusoma akatazama juu. Mwanamume aliyekuwa kwenye gurudumu naye akatazama juu.

"Mama," yule wa daftari akasema, na sasa hakuwa anacheka. Alipiga goti mbele yangu, vumbi lote lile, akashika mikono yangu. "Hata sisi wakwe tunawaonea haya. Mimi mkwe wangu akiingia mlango huu, natoka kwa ule. Lakini mvua ikikaza, nitawaita watu kwa majina kutoka juu, na mtu hujibu jina lake. Wewe niambie tu. Hapa hakuna mtu wa kwenu."

Nilitazama huku na huku. Ni kweli, hapakuwa na mtu wa kwetu. Nilimwona baba mkwe wangu hata hivyo, mrefu, na fimbo yake, anavyosafisha koo kabla ya kuingia boma ili wanawake wapate muda wa kuondoka. Hakuwahi kunitendea ubaya. Nilifunika mdomo kwa leso, nikainamia sikio la yule mwanamke, nikalisema.

Lilitoka dogo, kama la mtoto anayejifunza. Nilishangaa kwamba ni jina fupi hivyo.

Akakimbiza kidole. "Huyu!" akasema kwa sauti. "Huyu si yuko chini! Ameingia saa moja. Ndiye huyu anayetupikia chai ya tangawizi!" Na wale wanawake wakalirudia jina hilo, wakalirushiana kama mpira, na mimi kila walipolisema nikajikunja.

Nilitaka kufurahi na sikuweza, maana mvua ilikuwa inashuka. Yuko hai, lakini yuko chini, na udongo ule nilikuwa nimeugusa kwa kiganja: umelowa, unabonyea, kama ule wa mtoni. Mwanamume wa gurudumu akachukua chuma akagonga bomba mara tatu, akangoja, akagonga tena mara tatu. Kamba ikaanza kucheza.

Walitoka mmoja mmoja, wamekaa kwenye tairi lililokatwa. Kichwani hawana kofia ngumu, ni kofia za sufu tu, za kusuka, na tochi imefungwa kwa mpira. Kila aliyefika juu, yule mwanamke aliita jina na kulikata. Wote walikuwa rangi moja, wekundu toka nywele mpaka vidole, na wote walikuwa warefu machoni pangu. Nilihesabu. Sita. Saba. Wa nane akateleza mdomoni mwa shimo wakamdaka kwa ukosi. Wa tisa. Wa kumi. Kisha kamba ikakaa imelegea, na mvua ikipiga turubai hatuwezi kusikizana.

"Bado mmoja," nikasema.

"Anakusanya vyombo," mwanamume wa gurudumu akasema. "Huyo hutoka wa mwisho."

"Mwambie aache vyombo!"

"Mama, mwambie wewe."

Nikatambaa mpaka kwenye lile gogo. Kutoka chini kulipanda pumzi ya baridi, harufu ya moshi na udongo. Nilipiga kelele, "Mutumia! Acha hivyo vyombo utoke!"

Kisha sauti ikatoka mbali, ikiwa na mwangwi, "Mwaitu?"

Alipofika juu hata hakushuka kwenye tairi. Alinitazama kwa macho meupe katikati ya tope. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni simu yako."

"Ilianguka majini, Mwaitu. Laini nyingine nimeshaiomba, nangoja Jumamosi niende mjini kuichukua."

"Na hukuomba simu ya mwenzako?"

"Namba yako siijui kwa kichwa."

Kwa kichwa! Mimi namba yake naijua, na ya dada yake, na ya chifu. Nilimpiga begani kwa leso iliyolowa, nikampiga tena, kisha nikamshika, na tope lake lote likabaki kwenye nguo yangu ya safari.

Tulikuwa bado tumeshikana niliposikia, "Mwaitu! Mwaitu, uko wapi?" Binti yangu alipita kwenye pengo la ua, mumewe nyuma yake, kofia za manjano vichwani, na yule kijana wa kutembeza wageni nyuma yao. Binti yangu akaniona mimi kwanza. Kisha akamwona kaka yake, na ilimchukua muda kumjua.

"Si wewe uko Athi River?"

Mwanangu akaniangalia. "Umewaleta."

"Sikusema neno," nikasema, na ilikuwa kweli.

Binti yangu alifoka, akalia, akafoka tena. Alituita waongo wote wawili mbele ya watu. Mkwe wangu alisimama kwenye mvua, amegeuza uso upande kama anavyotakiwa. Mwishowe akamwambia mkewe, lakini kwa sauti ya kufika kwangu, "Mwambie mama nilijua aliacha kazi. Walinipigia mimi. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani yeye hajui, nikaona nisimwongezee mawazo. Ila hili la shimo sikulijua."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

Akamwendea shemeji yake. Nilidhani atamgombeza. Alifungua mkanda wa kofia yake ngumu, akaivua, akamvua mwanangu ile ya sufu iliyolowa, akamvika hiyo ya manjano, akamfunga chini ya kidevu.

"Bosi," yule kijana akasema taratibu, "hiyo ni ya wageni."

"Basi nitailipa," mkwe akajibu.

Mchana ule mwanangu aliketi ndani ya lile gari juu ya magazeti, akanywa chai vikombe vinne, akala mkate wote. Mkwe wangu alikaa nje chini ya mwavuli ili tuenee. Nilimwomba mwanangu turudi naye. Nilimwambia kuna shamba, kuna mbuzi, kuna mwethya inayohitaji mtu wa kusimika mbao za bwawa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaitu, nikirudi mikono mitupu nitakaa wapi? Niache mpaka Desemba."

Dada yake akamwambia yeye ni mjinga. Akasema anajua. Asubuhi yake tulipoondoka alikuwa ameshashuka, na yule mwanamke wa daftari ndiye aliyetupungia mkono.

Lakini kabla ya kuondoka nilikuwa nimekwenda kwake na simu yangu, nikamtajia namba yangu akaiandika kwenye jalada la daftari, nami yake nikaishika kichwani. Tukakubaliana. Kila siku akishamkata mwanangu kwenye orodha, atanipigia mara moja na kukata, nami nitajua ametoka. Amekuwa mwaminifu. Saa kumi, saa kumi na nusu, simu inalia mara moja kwenye mfuko wa aproni, na ndipo naweka sufuria motoni.

Kuna siku inachelewa. Jirani yangu bado ananiuliza kulinuka vipi kwenye lile gari, nami namjibu huku sikio liko mfukoni. Ikifika saa kumi na moja bila kulia, napiga mwenyewe.

"Wakamba wako wawili leo, mama," yule mwanamke ananiambia, najua ananichokoza, nyundo zinasikika nyuma yake. "Mmoja ametoka. Unamuuliza yupi?"

Natazama kama kuna mtu wa ukoo wa mume wangu karibu. Kisha nazunguka nyuma ya jiko, pale kwenye kuni, nageukia ukutani, na nalisema.